Ushauri kwa wanaoanza maabara: mizani ya Lavoisier

Ninyi mnaoingia maabara ya kemia kwa mara ya kwanza, nawasihi muizoee mizani kabla ya kuvutiwa na moshi na rangi. Katika miaka yangu ya kusimamia mazoezi ya vitendo, nimeona wanafunzi wengi wakipima kile tu wanachotarajia kibadilike, huku chombo na hewa vikiachwa kana kwamba havihusiki.

Antoine Lavoisier, mkemia Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1743, anajulikana zaidi kwa habari ya oksijeni, lakini ningependa mumsome kwanza katika jaribio alilolianza mwaka 1768. Wakati huo wapo wataalamu walioamini kwamba maji yanaweza kugeuka udongo, kwa sababu yalipochemshwa kwa muda mrefu katika chombo cha kioo yaliacha mashapo. Lavoisier alichukua chupa ambayo mvuke wake hupoa na kurudi chini, akaipima ikiwa tupu, akatia maji yaliyokwisha kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa ili yawe safi, akaipima tena, akaiziba na kuiweka juu ya moto kwa siku 101. Mashapo yalionekana kweli, ila uzito wa jumla ulibaki uleule, na chupa ilipomwagwa na kukaushwa ilikutwa imepungua. Kilichokuwa kikimeguka ni kioo chenyewe.

Mashapo yalizidi kidogo upungufu wa chupa. Hakuificha tofauti hiyo, bali aliihusisha na vyombo vingine ambamo maji yalimiminwa, na kwangu hii ndiyo sehemu bora ya kazi yote. Nanyi namba zikikataa kulingana, ziandikeni zilivyo, kisha tafuteni kila kilichogusana na sampuli. Kurekebisha namba ili jibu lipendeze ni kuua jaribio.

Mwaka 1774 alitumia njia hiyohiyo kwa bati. Ilifahamika kwamba metali ikiunguzwa hewani huongezeka uzito, lakini chanzo kilibishaniwa. Aliliunguza bati ndani ya chombo kilichozibwa, na uzito wa jumla haukubadilika. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kishindo, na hapo ndipo uzito ulipoongezeka. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto, amueni kama chombo kitakuwa wazi au kimefungwa, na mwandike sababu.

Kuna jambo moja ambalo msimuige. Oktoba mwaka huo mkemia Mwingereza Joseph Priestley, akiwa Paris, alimsimulia juu ya gesi aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki, gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Ni Lavoisier aliyeelewa maana yake na kuiita oksijeni, lakini alipochapisha matokeo yake ya kwanza kuhusu gesi hiyo hakumtaja Priestley, naye Priestley alilalamika. Mtu akiwadokezea wazo, andikeni jina lake siku hiyohiyo, katika ukurasa uleule wa vipimo.