Kioo cha nyanya na radi ya saa tisa

Kisumu, Januari

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini huko Vihiga ulikojenga radi huzidi kuanzia Machi, na kama ni kweli, asemavyo nyanya yako, kwamba mawingu yakitanda ufunike kioo na uvue nguo nyekundu. Fundi naye amekutia hofu kwamba mabati ndiyo yanayoita radi. Nianze na ziwa, maana chanzo kiko huko.

Asubuhi jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Kufikia saa tano hivi upepo huanza kutoka Ziwa Victoria na unyevu wake, ukapanda vilima vya Maragoli na magenge ya Nandi, na huko ukagongana na pepo za mashariki. Hewa hiyo haina njia ila kupaa. Saa nane utaona wingu limevimba upande wa Nandi, na kati ya saa tisa na jua kuchwa pepo zilezile za mashariki hulisukuma likarudi kwenu na kwetu Kisumu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hushukia ziwani kutoka kila upande, na ngurumo huhamia majini, ndiyo maana dhoruba huwakuta wavuvi alfajiri. Machi hadi Mei, ukanda wa mvua wa ikweta ukipita juu yetu kuelekea kaskazini, unyevu huwa tele na mchezo huu hukolea. (Siku hizi kila mvua kubwa husingiziwa El Niño. Mkono wake huonekana zaidi katika vuli, Oktoba hadi Desemba.)

Kwa dalili za msimu, msikilize nyanya. Hapo jirani Bunyore, ukoo wa Nganyi umesoma mvua kwa miti, ndege na wadudu vizazi na vizazi, na Idara ya Hali ya Hewa imeketi nao kuoanisha utabiri. Msimu hurudi kila mwaka, kwa hiyo mtu hutazama akajifunza. Radi kupiga nyumba ya fulani si jambo la kila mwaka, na pale penye pengo la maarifa ndipo huingia jogoo mwekundu wa mawinguni anayesemwa kuwa ndiye radi, kioo, na jirani mwenye kijicho. Radi haijui rangi. Hutafuta kilicho kirefu, kilichochongoka na kilichosimama peke yake: mkaratusi ulio kando ya nyumba, mlingoti, au mtu katikati ya kiwanja.

Mabati nayo hayaiiti. Kasoro ni kwamba yamekaa juu ya mbao na udongo bila njia ya chuma ya kufika ardhini, kwa hiyo mkondo huruka kutoka paani na kupitia ukuta, waya za stima, au mwili wa aliyeegemea. Mpe fundi kazi hii ya kinga ya radi: ncha ya shaba mahali pa juu kabisa, utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3 ushuke nje ya ukuta, mbali na mlango, usipindwe kona kali, maana mkondo huruka kwenye kona; na chini, fito za shaba zizamishwe mita 2.4. Mabati na mifereji ya maji viunganishwe na utepe huo kwa vibanio vilivyopakwa madini ya bati, kwa sababu shaba ikigusana na mabati moja kwa moja hula zinki yake. Kipimo cha ukinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyouzuia mkondo, kisizidi omu 10, na kichukuliwe sasa, udongo ukiwa mkavu. Kikichukuliwa Aprili kitakudanganya. Akitaka kumwaga chumvi shimoni, mkatalie: mvua huiosha na hula fito. Kagua kila mwaka kama utepe ungalipo. Wezi wa vyuma chakavu huukata, na ncha iliyobaki juu bila njia ya chini ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Kinga hiyo haiokoi runinga. Chomoa soketi mapema, usingoje radi ifike. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zisipofika 30, ingia ndani, toka barazani, usioge wala kuegemea ukuta, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo linafaa pia. Chini ya mwembe hapafai, na ndala za mpira hazisaidii. Ng'ombe hufa wengi kwa sababu mkondo husambaa ardhini, na miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, ukapanda huku na kushukia kule kupitia moyoni.

Kuna mila moja inayoua: ile ya kutomgusa aliyepigwa mpaka dawa ifanywe. Mwili hauna umeme wowote uliobaki. Huenda moyo umesimama tu. Kama hapumui, mbonyeze katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Wakiwa kadhaa, anza na aliyelala kimya; anayelia anapumua.

Kioo mwache nyanya afunike, hakina hasara. Hili la kutogusa, kaa naye mlizungumze kabla Machi haijaingia.

Babako