Kabla Gita Halijarudi Mfukoni

Aprili hapa Pwani ni masika. Wageni hupungua, na usiku wa Alhamisi, tarehe 21 Aprili 2016, hoteli tuliyokuwa tukipigia muziki Bamburi ilikuwa na meza nne tu zenye watu. Nilikuwa nabadilisha uzi wa kwanza wa gita, maana chumvi ya bahari haikawii kuutia kutu, mpiga kinanda wetu aliponinyooshea simu bila kusema neno. Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, amefariki, miaka 57.

Tulipiga wimbo wake "Purple Rain" mara mbili usiku ule. Mara ya pili mwimbaji wetu alishikwa na kilio katikati, nikaumaliza wimbo kwa gita peke yake.

Nyinyi mnaoanza kupiga mahotelini, kuanzia Diani hadi Malindi, mambo mengi mtayaokota wenyewe jukwaani. Nitakayowaeleza hapa sikuyaokota jukwaani. Niliyapata kwa kufuatilia kifo kile, habari baada ya habari, kwa miaka.

Nianze na mwili. Waliomjua Prince walisema maumivu ya nyonga yalimsumbua muda mrefu. Tarehe 14 Aprili alipiga shoo mbili Atlanta usiku mmoja, na alipokuwa akirudi nyumbani ndege ikabidi itue kwa dharura Moline, Illinois, kwa sababu alikuwa amezimia. Siku ya sita baada ya hapo alikutwa amekufa ndani ya lifti, nyumbani kwake Paisley Park, Minnesota. Kilichomuua ni fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu. Mwaka 2018 mwendesha mashtaka alieleza kwamba vilikuwa vidonge bandia, na kwamba Prince mwenyewe inaelekea aliamini anameza dawa ya kawaida ya maumivu.

Habari hiyo ilinitisha kwa sababu mimi pia nilikuwa nameza. Mgongo ulikuwa unaniuma kila nikibeba spika, nami nikawa nanunua vidonge dukani vya kukatwa katwa, visivyo na pakiti wala jina. Nilipokwenda kuonwa na mtaalamu wa viungo, aliniambia nivae gita mbele yake. Akatazama, akaupandisha mkanda matundu manne. Basi. Gita lilikuwa linaning'inia chini mno, na bega moja lilikuwa likivutwa kwa muda wa saa nne kila usiku. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiumwa sema. Mwambie kiongozi wa bendi, omba kiti, nenda ukapimwe. Usipokee kidonge kutoka mkononi mwa mtu kwa kuwa tu yeye kilimsaidia.

Sasa nije kwenye karatasi, kwani hapo ndipo roho inaponiuma zaidi.

Prince aliipigania kazi yake kama wachache walivyowahi. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1978, akiwa na miaka 19, na humo aliandikwa kuwa amepiga ala 27. Miaka ya 1990 alipozozana na kampuni yake ya rekodi, Warner Bros., juu ya nani mwenye rekodi zake, alikuwa akionekana hadharani ameandika neno "mtumwa" shavuni. Mwaka 2014 akapatana nao, akarudishiwa haki za rekodi zake za zamani. Miaka miwili baadaye akafa, na wasia haukuonekana. Hakuwa na mtoto aliye hai, wazazi walishatangulia. Ndugu sita wakatambuliwa kuwa warithi, na mirathi ikakaa mahakamani hadi mwaka 2022. Wawili kati yao walikufa kabla ya mali, iliyokadiriwa kuwa dola milioni 156, kugawanywa.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mpiga besi wetu. Wimbo mmoja tuliutunga wawili chini ya mwembe, nyumbani kwake Kisauni: kiitikio chake, beti zangu. Studio iliandika jina la bendi tu. Alipokwisha kufa, wimbo ukatumika kwenye tangazo la redio, na mjane wake akanijia na daftari la mraba, jalada limeingia mafuta. Nililifungua. Mwandiko wake, na ule mstari tuliobishania mchana kutwa mpaka akaukata kwa kalamu nyekundu. Hapakuwa na jina wala tarehe. "Shemeji, si mwandiko wake huu?" Nikamwambia ni wake. Lakini waliokuwa wakilipa walitaka sahihi, nami sikuwa nayo. Nilichopata nilimgawia nusu, na najua hakikuwa haki yake yote.

Kwa hiyo siku mnapotunga, kabla gita halijarudi mfukoni, andikeni: jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katunga sauti, kila mmoja asilimia ngapi. Wote mtie sahihi, kisha mpige picha ukurasa. Mjue pia kwamba haki ni mbili. Moja ni ya utunzi, nyingine ni ya rekodi, na hii ya pili mara nyingi huishia kwa aliyegharamia studio msipoandikiana. Kazi isajilini kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki ya mtunzi huishi miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mnaandika kwa ajili ya wajukuu.

Na wasia andikeni mkiwa vijana, mbele ya mashahidi wawili. Sheria yetu inaukubali hata wa mdomo, lakini ukiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuutamka, hauna nguvu tena. Walio Waislamu wanajua kwamba wasia hauvuki theluthi ya mali na mengine ni faraidhi, yaani mafungu ya warithi yaliyowekwa na dini. Hata hivyo, kadhi atagawa vipi nyimbo ambazo hakuna karatasi inayoonyesha ni zako?

Jumamosi iliyopita, tukiwa mazoezini Kongowea, binti mmoja mgeni kwenye bendi alitutolea mistari minne ya kufungia wimbo uliokuwa umetukwama tangu Ramadhani. Nikamsukumia daftari. Akauliza aandike nini, kwani ni mistari minne tu. Nikamwambia aandike jina lake lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.