Mtawanyiko wa chembe zenye chaji: itunze awamu

Mnaosoma fizikia hapa Tanga, iwe mnajisomea Ngamiani au Chumbageni, msisubiri kompyuta. Mtawanyiko wa kwantamu wa chembe zenye chaji, yaani jinsi zinavyogeuza njia zinapokaribiana, unakokotoleka kwa karatasi na kikokotoo cha sayansi. Kinachowaangusha wengi ni awamu ya wimbi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake.

Anza na namba ya Sommerfeld: η = Z₁Z₂ ÷ (137 × v/c), ambapo Z₁ na Z₂ ni idadi ya protoni za kila chembe, v ni kasi ya chembe moja ikilinganishwa na nyingine, na c ni kasi ya mwanga. Alfa (kiini cha heliamu) ya MeV 5.5 ikielekea kiini cha dhahabu ina v/c ya 0.054, Z₁Z₂ ni 158, kwa hiyo η ni kama 21. Alfa ya MeV 1 ikigonga alfa iliyotulia, v/c ni 0.0232 na η ni 1.26. Makadirio ya kwanza ya Born, njia ya mkato inayochukulia nguvu kuwa dhaifu, yanataka η iwe ndogo sana kuliko 1, na hapa haipo hivyo.

Mtego uko hapa. Born hutoa fomula ileile ya Rutherford ya 1911 ya uwezekano wa chembe kutawanyika kwa kila pembe, na hesabu kamili ya Gordon na Mott ya 1928 hutoa hiyohiyo. Basi watu hufunga daftari. Kilicholingana ni ukubwa tu wa amplitudi, namba changamano inayoeleza wimbi lililotawanyika. Awamu yake, −η ln sin²(θ/2), ambapo θ ni pembe ya mtawanyiko, Born haiioni kabisa. Inatokana na potenshali ya Coulomb, 1/r (r ni umbali), kufifia polepole mno: hata mbali sana wimbi hubaki na η ln 2kr ndani yake (k ni namba ya wimbi).

Rudi kwa alfa mbili. Hazitofautishiki, kwa hiyo jumlisha amplitudi za θ na 180° − θ kwanza, ndipo utafute kipeo cha pili cha ukubwa wake. Sehemu ya mwingiliano huzidishwa na cos(η ln tan²(θ/2)). Kwenye nyuzi 60 za kitovu cha masi, yaani nyuzi 30 maabarani, tan² ni 1/3, logi asilia yake −1.10, na ukiizidisha kwa η kosaini ni 0.19. Born ingekupa 1! Kwenye nyuzi 90 zote mbili hutoa 1, kwa hiyo usijipime hapo peke yake.

Nguvu ya kiini ikiingia, acha fomula ya Coulomb ilivyo, maana kuijumlisha l kwa l (l ni namba ya kwantamu ya mzunguko) hakufikii kikomo. Iongezee (1/2ik) Σ(2l+1) e^(2iσₗ) (e^(2iδₗ) − 1) Pₗ(cos θ), ambapo σₗ ni mgeuko wa awamu wa Coulomb, δₗ ule wa nguvu ya kiini, na Pₗ polinomia ya Legendre. Nishati ikiwa ndogo, l chache zinatosha. Kwa alfa mbili, l witiri hufutana. Fomula ya σₗ ina gama ya namba changamano, lakini huihitaji: σ₀ ni ya pamoja kwa vipande vyote, haibadilishi jibu, na σₗ₊₁ = σₗ + arctan(η/(l+1)). Kwa η ya 1.26 unapata 0.90, kisha 0.56, hivyo σ₂ − σ₀ ni radiani 1.46. Ukiona 51.6 mahali pa 0.90, kikokotoo kiko kwenye nyuzi.

Na δₗ ipimwe dhidi ya mawimbi ya Coulomb, F na G, yaani majibu mawili ya mlinganyo wa wimbi wenye potenshali ya Coulomb. Ukiipima dhidi ya saini ya kawaida, itabadilika kila unapobadilisha umbali wa kupimia.