Jibu la swali la wiki: Sweta iliyofumwa ndani ya mahandaki

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mahali gani pa ajabu zaidi ambapo tumewahi kufuma au kumwona mtu akifuma. Swali hilo limenigusa, na pia limeniudhi kidogo, kwa sababu linachukulia kwamba mahali pa kufumia ni kwenye kochi sebuleni, na kwamba anayefumia kwingine ametoka kutafuta vituko. Kwetu ni nani aliyepewa nafasi ya kukaa kochini akafuma tu? Akina mama wa Unguja na Pemba husuka ukili wakiwa njiani, wenzao wa Ukambani husuka vyondo huku wakitembea, na katika masoko ya Njombe na Makambako hukosi kumkuta muuza viazi mwenye sindano mbili na bonge la uzi mapajani, ambavyo huviweka kando mteja anapofika.

Hata ughaibuni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wanawake wa visiwa vya Shetland, huko Uskoti, walifuma huku wamebeba mgongoni vikapu vya mboji kavu ya kuwashia moto, sindano moja ikiwa imechomekwa kwenye mkanda wa ngozi wenye matundu uliofungwa kiunoni. Katika karne ya 19 wachungaji wa Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walifuma wakiwa wamesimama juu ya miti mirefu waliyoifunga miguuni kama wacheza ngongoti, kwa kuwa malisho yao yalijaa majimaji na kondoo walipaswa kuonekana kutoka mbali. Wote hao walikuwa kazini. Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaeleza kwamba kufumia njiani ni dalili ya mtu aliyenyimwa mapumziko, basi.

Lakini nilimkumbuka mama mmoja niliyesafiri naye kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam, katika chumba cha wanawake cha daraja la pili chenye vitanda sita. Usiku alilala kama sisi sote. Kulipokucha tulikuwa tumeshafika Mlimba, naye akashuka kitandani, akatoa kopo la maziwa ya unga ambalo mfuniko wake ulikuwa umetobolewa katikati, na uzi wa rangi ya samawati ukichomoza kwenye tundu hilo. Bonge lilikuwa ndani ya kopo, kwa hiyo treni iliyumba itakavyo na uzi haukubingirika sakafuni. Alikuwa akifuma sweta ya mjukuu.

Wanaoijua reli ile wanajua kinachofuata baada ya Mlimba. Kati ya hapo na Makambako treni hupanda milima kwa kupita mahandaki 18, na wakati huo taa za chumba zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya mchana. Tulipoingia handaki la kwanza sikuona hata kiganja changu, ila nilisikia sindano zikigongana kwa mwendo ule ule, na tulipotoka nuruni safu ilikuwa imefika ukingoni na kazi imegeuzwa upande wa pili. Nilimuuliza kama haogopi kuponyokwa na kitanzi. "Huu ni mgongo, mwanangu, mshono ni mmoja tu," alinijibu. "Makwapa na shingo nitavifanya baada ya Makambako." Kumbe alikuwa ameipanga sweta kwa kufuata reli: usiku wa kuamkia safari alifuma pindo la chini, akaacha sehemu nyepesi kwa ajili ya giza na ile ya kupunguza vitanzi kwa ajili ya uwanda wenye mwanga.

Nilimwonea huruma, nikamwambia kwamba angepumzika tu, kazi angeimalizia nyumbani. Akasema nyumbani kila akikaa kuna anayemwita, lakini mle ndani hakuna anayemwita hadi ashuke. Alisema hayo bila kulalamika, huku akihesabu vitanzi kwa ncha ya kidole.

Maneno hayo yamelegeza msimamo wangu nilioanza nao, kwa kuwa mama yule hakuwa akiiba dakika za kazi kutoka katika safari. Safari ndiyo iliyompa muda wake mwenyewe, naye aliufurahia waziwazi. Jibu langu basi ni mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako, na nakubali kwamba hapo palikuwa pa ajabu kweli, hata kama mwenyewe asingepaita hivyo. Nalitoa kwa sharti moja: wasuka ukili wanaotembea na kazi mkononi kwa sababu bei ya mkeka haiwaruhusu kukaa chini wasiwekwe kwenye orodha hii ya vituko, labda wao wenyewe wawaandikie na kuomba kuwekwa.