Mwalimu amekusuta kwa grupu? Mpigie pembeni

Haya yalikuwa ya 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya corona na walimu wakawa wanatuma kazi kwa WhatsApp. Pole sana dada. Kuambiwa mbele ya wazazi wote kwenye grupu la WhatsApp eti hujali masomo ya mtoto, na kumbe simu ni moja, watoto watatu na bando limeisha, hiyo inauma jamani. Lakini usimjibu hapo kwa grupu, mpigie jioni umweleze hali ya nyumbani vile ilivyo, maana na yeye kama ni wa shule ya praiveti huenda hajalipwa tangu shule zifungwe Machi 2020 na bado anasukumwa aonyeshe kazi imefanywa. Muombe atume kazi ya wiki nzima mara moja, Ijumaa unapiga picha daftari unamtumia. Wakati huo vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, vilikuwa KBC redioni, havikula bando. Na usikose usingizi juu ya maksi, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Magoha, alisema Julai kwamba mwaka wa 2020 umefutwa na watoto watarudia darasa Januari, ingawa baadaye mpango huo ulibadilishwa. Mimi wa kwangu nilimpigia na hasira zangu zote, tukaishia kuongea nusu saa, kumbe hata kwake ni simu moja na watoto wanaing'ang'ania.