Gari lisipande meli kabla ya kibali cha maandishi

Mkuu, simamisha kila kitu. Umeandika kwamba gari unalo tangu miezi minne iliyopita, wakala wa usafirishaji ameshakushikia nafasi melini, na kakwambia "tuma tu, makaratasi yatalikuta hukohuko". Halafu unauliza uende nalo au uliuze, kontena au RoRo (meli ya kubeba magari yanayoendeshwa hadi ndani), bima ikoje, na kama leseni yako itafaa. Maneno hayo ya "yatalikuta hukohuko" ndiyo yaliyonipotezea gari zima, na kuyaona yanaambiwa mtu mwingine kunanichemsha damu.

Kanuni ni moja: gari halipandi meli mpaka uwe na karatasi kutoka mamlaka ya nchi unayokwenda, inayotaja namba ya chasi ya gari lako na kusema linaruhusiwa kuingia. Simu haihesabiki. Ujumbe wa wakala hauhesabiki. "Jamaa yangu aliingiza kama hilo" haihesabiki kabisa.

Sikiliza kinachotokea usipofanya hivyo. Meli ikishashusha, bandari inakupa siku chache za bure. Zikiisha inatoza hifadhi kila siku, na kwenye bandari nyingi kiwango kinapanda kadiri gari linavyokaa. Kama umetumia kontena, kampuni ya meli nayo inadai kontena lake, kwa hesabu yake yenyewe. Hizo ni bili mbili tofauti na zinakimbia pamoja, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku wewe unasubiri jibu la maombi ambayo ungeyatuma kabla ya kuondoka. Ukikataliwa, unalirudisha lilikotoka kwa nauli yako, au linapigwa mnada, au linaharibiwa. Na madeni yote yanamfuata mwenye jina kwenye hati ya shehena, yaani wewe.

Wakala wako hayumo humo. Yeye analipwa gari likipanda. Likikwama upande wa pili haimpunguzii hata senti. Mwambie akuandikie nani atalipa hifadhi kibali kikikataliwa, uone atakavyobadili mazungumzo. Mtu anahama na familia, ameweka akiba yake yote kwenye safari, na wakala anamwambia forodha ni jambo dogo bila hata kuangalia kadi ya gari! Huo ni ukatili.

Maana kadi hiyo ndiyo ingekuambia ukweli. Hukusema unahamia wapi, lakini kwa nchi nyingi miezi minne ni michache. Umoja wa Ulaya unawasamehe ushuru wanaohamisha makazi kama gari limekuwa lao na wamelitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na wameishi nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo. Ukishaliingiza, huruhusiwi kuliuza, kulikodisha wala kuliazimisha kwa miezi 12. Australia inataka kibali kitoke kabla gari halijasafirishwa, na ukiomba kwa njia ya anayekuja na gari lake binafsi, uwe umelimiliki na kulitumia nje angalau miezi 12. Tarehe inayoangaliwa ni ya umiliki, na jina liwe lako. Gari la kampuni au la mwenzi wako ni kesi nyingine.

Ukikosa msamaha, piga hesabu hivi, kwa mfano tu. Thamani ya gari 100, nauli na bima 20. Ushuru wa asilimia 10 unapigwa kwenye 120, unapata 12. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 inapigwa kwenye 132, unapata 26.4. Umeshalipa 38.4 na gari bado halijakaguliwa.

Sasa toka nje, fungua mlango wa dereva, chutama uangalie nguzo ya mlango. Kuna kibandiko. Kwa Marekani, gari lenye umri chini ya miaka 25 lazima liwe limetengenezwa kwa viwango vyao vya usalama, na kibandiko cha mtengenezaji kinasema hivyo waziwazi. Gari la soko la ndani la Japani halina maneno hayo, na namba yake ya chasi ni fupi, yenye kistari katikati. Ulaya wanataka cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji; bila hicho unaingia kwenye ukaguzi wa gari mojamoja, na hapo taa za mbele huwa za kwanza kukataliwa. Taa za gari la usukani wa kulia zinamulika zaidi ukingo wa kushoto, kwa hiyo wanakoendesha kulia zinawapiga machoni wanaokuja.

Kama namba yako ni ya tarakimu na herufi 17, ilinganishe na ile iliyo kwenye hati ya shehena, herufi kwa herufi. Namba hizo hazina I, O wala Q. Ukiona O kwenye hati, mtu kakosea kuandika sifuri, na kosa hilo peke yake linatosha kulikwamisha gari siku kadhaa wakati hifadhi inahesabika.

RoRo au kontena? Kwa RoRo gari linaendeshwa hadi ndani ya meli, kwa kawaida tangi lisizidi robo na vyombo vya nyumbani visiwemo. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, gari dogo linakaa vizuri. Hilo ni rahisi, utaamua baadaye, pamoja na mambo ya bima na leseni.

Kesho asubuhi mwambie wakala asogeze nafasi. Piga picha kibandiko na kadi, tarehe ya umiliki ionekane, kisha tuma maombi ya kibali wewe mwenyewe. Kama safari haiwezi kusubiri mpaka miezi itimie, uza gari hilo. Nitajie nchi, modeli na mwaka wa kutengenezwa leo hii, kabla hujalipa nauli.