Mkono wa kushoto unanipotea

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina mwaka wa pili kwenye piano, na kinachonivuta ni nyimbo za kufungulia anime, yaani katuni za Kijapani. Nimepakua noti za wimbo mmoja niupendao. Mkono wa kulia naumudu, ila wa kushoto unarukaruka hadi napotea, na nikiongeza kasi kila kitu kinavurugika. Mwalimu wangu anasema niachane na nyimbo za katuni, nirudi kwenye mazoezi ya vidole. Nifanyeje?
Mpenda Anime

JIBU: Marahaba. Kwenye mazoezi ya vidole msikilize. Kwenye nyimbo mkatalie kwa adabu. Mwanafunzi anayejikalisha kwenye piano bila kusukumwa hanyang'anywi kinachomkalisha.

Tatizo ni noti ulizopakua. Nyimbo hizi nyingi zilitungwa kwa ajili ya bendi: ngoma, besi, magitaa, pengine na fidla. Wanaozigeuza kuwa za piano hutaka bendi nzima iingie kwenye vidole kumi, na ngoma pamoja na besi huzitwisha mkono wa kushoto. Weka karatasi kando. Sikiliza besi peke yake, kisha piga noti moja tu kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapobadilika. Utagundua viitikio vingi hupita njia ileile: ukiwa kwenye ufunguo wa C, kodi ni F, G, E maina (minor), A maina. Ukiizoea hiyo, nyimbo kadhaa umeshazipata nusu.

Huo mkono wa kulia unaoumudu nao nina shaka nao. Katika nyimbo za Kijapani mara nyingi kila silabi hupata noti yake, kwa hiyo mwimbaji huweza kurudia noti moja mara nne, tano mfululizo. Yeye ana maneno ya kuzitofautisha. Wewe huna, unabaki kugonga tu, na kasi ikipanda kifundo cha mkono kinakakamaa. Basi pokezana vidole juu ya noti hiyohiyo: cha tatu, cha pili, gumba. Au punguza: bakiza ya kwanza na ya mwisho, za katikati ziache. Anayeujua wimbo atazijaza mwenyewe kichwani, na hakuna atakayekudai.

Usianze na wimbo kamili wa dakika nne. Kinachosikika kwenye televisheni kwa kawaida ni kama sekunde 90, na humo chukua kiitikio kwanza, kwa nusu ya kasi.

Ukitaka mkono wa kushoto utulie, jaribu waltzi, muziki wa mipigo mitatu mitatu, ambayo mtunzi Mjapani Joe Hisaishi aliitungia filamu ya anime ya Howl's Moving Castle ya mwaka 2004. Si ya kufungulia mfululizo, najua, lakini besi inaangukia mpigo wa kwanza na kodi zinafuata wa pili na wa tatu. Tafuta noti zilizorahisishwa.

Na pedali ya mguu inayorefusha sauti, iachie kila kodi inapobadilika. Wengi wenu mnaikanyaga moja kwa moja kwa sababu inaficha makosa.